Mchumba Aliruka, Akaniachia Gari Lisilo na Breki

Aliruka.

Mwanaume aliyenivisha pete alifungua mlango wa gari linaloteremka kilima, akajitupa nje kama gunia la viazi, akaniacha peke yangu kwenye usukani...

Hata sijafungua mdomo kusema breki hazishiki!

Nakanyaga, pedali inazama mpaka chini. Nakanyaga tena, inazama. Chini ya mteremko ni makutano, malori yanapita.

Nikashusha gia, injini ikalia. Nikavuta hendibreki kidogo kidogo kama marehemu baba alivyonifundisha, nikaliegemeza gari kwenye ukuta wa kiwanda. Likakwaruza... likakwaruza... likasimama.

Nikageuka. Bwana anakuja akichechemea, anajipangusa suruali.

"Mpenzi, uko salama?"

"Uliruka."

"Nilikuwa naenda kutafuta msaada."

Wasomaji wangu, sikumtukana. Nilimtazama tu kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga kwa bahati mbaya.

Ngoja niwape mkasa wenyewe.

Anaitwa Bingwa. Jina kajipa mwenyewe, kwa hiyo mshajua ni mtu wa aina gani. Kazi yake udalali wa magari. Mimi nimeachiwa na baba kigari cha spoti cha zamani, milango miwili, mzee alikipenda kuliko usingizi. Nilitaka nikiendeshe siku ya harusi yangu. Kilihitaji pedi za breki, basi.

Bingwa akasema nimwachie yeye.

Gari la Bingwa nalo ni la kampuni hiyo hiyo, la miaka ile ile, ila la milango minne. "Magari yetu ndugu," alikuwa akisema, anajichekesha. Lake lilikuwa na breki za aibu. Kila akija kwetu lilipitiliza geti, arudi kinyumenyume, halafu ateremke kifua mbele kama vile ndivyo alivyopanga.

Basi kigari changu kikarudi na kalipa nyekundu, zinang'aa, kubwa kama mikate. Kalipa, kwa asiyejua, ndiyo inayobana diski gurudumu likasimama.

"Hizi za gari gani?"

"Gari kubwa. Kubwa ndiyo nguvu, mpenzi."

"Mbona magurudumu yametokeza nje?"

"Rimu zilikataa kuingia, nikaweka vyuma katikati. Kitu kidogo."

"Na za baba ziko wapi?"

"Zilishakufa. Nimewatupia watu wa vyuma chakavu."

"Pedali inazama, Bingwa."

"Breki mpya na gari vinazoeana taratibu. Kama sisi."

Shangazi yangu, dada yake baba, ninayeishi naye, alicheka kwa pua.

"Mwanangu, huyu kichwa kapewa cha kuvalia kofia."

Na mimi nikacheka. Nikajiambia ni mjinga, lakini ni mjinga wangu, nitamfundisha mbele ya safari.

Safari yenyewe ndiyo ile ya mteremkoni.

Baada ya pale nikamwita muuza spea, rafiki wa zamani wa baba. Akachungulia nyuma ya gurudumu, akakunja uso.

"Nani kakufungia haya?"

"Mchumba wangu."

"Bado ni mchumba?"

Akanionyesha pampu ya breki, kidude kidogo tu.

"Kalipa hizi zinakunywa mafuta ya breki mengi kuliko pampu hii inavyoweza kusukuma. Spea ya gari la zamani haichaguliwi kwa rangi, binti yangu. Unaanza na namba ya chesi, unapima diski, unapima rimu, unalinganisha na pampu."

"Basi niuzie zenyewe."

"Zenyewe hazitengenezwi tena. Labda uzitoe kwenye lile la milango minne la kampuni hii. Miguu ya mbele, breki na vyote, ni ile ile, zinaingiliana bila kubadilisha kitu. Dalali yeyote anajua."

Dalali yeyote...

Kesho yake Bingwa akaja kuomba msamaha, na maua mkononi. Safari hii gari halikupitiliza geti. Lilisimama palepale, kimya, kwa adabu zote.

Nikainama nikachungulia kwenye matundu ya rimu yake.

Kijani!

Kijani cha geti letu. Baba alipolipaka geti rangi ilibaki kidogo, akaimalizia kwenye kalipa zake. Shangazi alimsema mwezi mzima.

"Shikamoo, shangazi," anasema Bingwa.

"Marahaba. Leo umesimama vizuri, mkwe."

Mimi nikaenda kuchukua jeki.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Nachukua vya baba."

"Tuongee kwanza kama watu wazima..."

"Zinaingiliana, Bingwa. Ulijua."

Akatazama viatu vyake.

"Zangu zilikuwa zimekwisha," akasema taratibu. "Na mimi niko barabarani kila siku. Nilijua wewe hutaliendesha sana."

Mlisikia hilo? Alipiga hesabu, akaona roho yangu ndiyo ya ziada.

Nikafungua magurudumu ya mbele kwa mikono ile ile iliyokuwa ikimshikia baba spana. Kalipa zikatoka, mafuta ya breki yakamwagikia maua yake aliyoyaweka chini. Pete nikaiacha kwenye dashibodi. Gari lake mpaka sasa liko uani kwetu juu ya mawe, miguu ya mbele mitupu, naye aliondoka akitembea.

"Nimsindikize?" nikamuuliza shangazi.

"Wa nini? Mwache aruke."

Zangu zimerudi mahali pake, na kigari kinasimama pale ninapotaka. Ila nawaachia hili, hasa nyie dada zangu wenye huruma. Muda wote nilimdharau Bingwa kwa ujinga, kumbe nilimpa sifa ambayo hakuwa nayo.

Mjinga angebaki kwenye kiti chake, tukafa wote.