Kitanda Nilikikuta na Joto

Hoteli ile niliichagua mimi. Ninalisema hili mapema ili mtu asije akamlaumu dada yangu, maana yeye simu anaijua kwa kupokea na kukata tu.

Ilikuwa Jumamosi mchana, saluni haina mteja. Dada ni msusi, mwaka wa kumi na tisa huu, na mkaguzi alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi awe na cheti, la sivyo mlango unafungwa. Mtihani wa cheti unafanyika kwenye chuo kimoja cha mji mkuu peke yake, na kila msusi anakwenda na kichwa chake cha kusuka. Kichwa cha dada kilikuwa cha binti yake wa miaka kumi na sita. Sisi tunamwita Redio, kwa sababu akishaamka hazimwi mpaka alale.

"Mdogo wangu, nitafutie pa kulala," dada akaniambia. "Mji mkuu sijawahi hata kuuota. Pawe karibu na chuo, nisije nikapotea mtihani ukanipita. Na pawe pasafi. Hapo kwenye usafi usinifanyie masihara."

Basi nikaanza kupekua. Hoteli ya kwanza ilikuwa mbali. Ya pili picha zake zote ni za bustani, ya choo hakuna hata moja, na hoteli inayoficha choo mimi siiamini. Ya tatu ilikuwa hatua chache tu kutoka chuoni, vyumba vya vitanda viwili, shuka nyeupe. Kwenye mto mmoja pichani palikuwa na kamstari keusi. Nilidhani ni ufa wa kioo cha simu, nikakasugua kwa kidole gumba. Hakakutoka.

Nikawasomea maoni ya watu waliowahi kulala pale. Watu sita, miaka tofauti, na wote sita walikuwa wameandika sentensi moja: "Kitanda nilikikuta na joto."

"Wanavipasha kama mikate," Redio akasema, akacheka mpaka akashika tumbo. "Mama, tunakwenda kulala kwenye tanuri."

"Mji mkuu una baridi, wanasema," dada akajibu. "Weka hapo hapo."

Nikaweka. Sikujiuliza kwa nini watu sita wasiojuana waandike neno moja, tena hilo tu.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la dada yangu lazima mlijue. Kwake nywele ikianguka haikanyagwi. Zinazobaki kwenye chanuo, zinazoganda shingoni, hata uzi mmoja ulionasa kwenye taulo, anaziokota, anazizungusha kidoleni, anazitia mfukoni na jioni anazichoma nyuma ya saluni. Wateja wanampendea hilo. Nani anataka nywele zake ziishie mikononi mwa asiyemjua? Kwa miaka yote hiyo, unywele wa mtu hajawahi kuuacha chini.

Yanayofuata alinisimulia yeye mwenyewe. Alinisimulia mara moja, hajakubali kurudia.

Walifika saa saba mchana, jua kali. Mtu wa mapokezi hakuwa na unywele hata mmoja, si kichwani, si kwenye nyusi. Alimtazama Redio kichwani kabla hajamtazama usoni.

"Zote ni zako?" akauliza kwa upole.

"Zote," Redio akajibu, akaanza kumweleza mafuta anayopaka, siku anazoosha, na namna mama yake alivyomkataza dawa za kulainisha. Yule mtu alimsikiliza neno kwa neno. Kisha akawapa ufunguo.

Chumba kwa macho kilikuwa safi. Dada aliweka mkono juu ya kitanda cha kwanza, akautoa haraka. Kilikuwa na joto. Si joto la jua, maana dirisha lilikuwa upande wa kivuli. Lilikuwa joto la mtu. Lilianzia miguuni, likapanda kiunoni, likafika mabegani, na pale pa kichwa foronya ilikuwa na unyevu. Akagusa cha pili. Hivyo hivyo.

Akainama akanusa. Mwenyewe anasema ni mazoea ya kazi. Ilikuwa harufu ya kichwa ambacho hakijaoshwa miezi, kile ambacho msuko ukifumuliwa kinatoa ute na ukoko. Akafunua shuka ya pili, ya tatu, mpaka godoro. Godoro lilikuwa na mafuta. Mafuta ya kichwa, ya njano, yaliyoganda.

Mhudumu wa usafi alikuwa anapita koridoni, mama mtu mzima aliyefunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Mama, shuka hizi zimebadilishwa?" dada akamuuliza.

"Mara mbili leo," yule mama akajibu, akaangalia pembeni.

Redio alikuwa ameshaingia bafuni kunawa. Akapiga ukelele wa kinyaa. Maji hayakuwa yanashuka. Yalikuwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu, ya kijivu, na juu yake utando wa mafuta. Kwenye tundu la maji pametokeza kishungi cha nywele, kinachezacheza.

Mtu mwingine angefunga mlango akaenda kulalamika mapokezi. Dada yangu alichukua chanuo chake chenye mkia, akapiga magoti, akachokoa, akavuta.

Zilikuja. Akavuta tena. Zikaja tena. Alidhani ni bonge la taka, kumbe ni msuko. Mnene kama mkono wa mtoto, umesukwa kwa mikono, umekazwa, hauna fundo hata moja. Ndani yake nywele nyeusi, nywele za mvi, nywele zilizotiwa hina, na nywele laini za mtoto mdogo. Katikati palinasa vipande vyeupe vya ngozi ya kichwa. Uteute ulimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Ulikuwa na joto.

Redio alitapika kwenye sinki. Dada naye alitapika, palepale, juu ya magoti yake. Lakini hakuacha kuvuta.

"Kila nilipoangalia niliona vichwa vya watu," aliniambia. "Nitaviachaje mle?"

Alipokwisha kuvuta kama urefu wa chumba, aliona hauna mwisho. Akatoa mkasi akaukata. Kipande kilichobaki kikarudi kwenye tundu. Polepole. Kama ulimi unavyorudi mdomoni.

Maji yakashuka yote kwa mkupuo.

Yule mama wa usafi alikuwa amesimama mlangoni. Alinong'ona.

"Umeukata?"

"Nimeukata. Nakwenda kuuchoma."

"Rudisha, mama. Msuko huo ukipungua unatafuta pa kujazia."

"Nywele za watu mimi siwaachii," dada akasema. Akausokota ule msuko, akautia kwenye mfuko mweusi, akafunga fundo lake la siku zote, akatumbukiza kwenye begi. Yule mama akamtazama Redio, akaanza kulia bila sauti.

Hawakulala pale. Waliomba viti kwa mlinzi wa chuo, na Redio usiku kucha hakusema kitu. Dada alidhani ni uchovu.

Asubuhi akamsuka Redio kwenye mtihani. Anasema hajawahi kusuka vile. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe, na kila alipochukua fungu la nywele alikuta jingine chini yake. Mtahini akazunguka kile kichwa mara mbili.

"Umetumia nywele za bandia za aina gani?"

"Sijatumia."

"Umefaulu," mtahini akasema, lakini mkono aliogusia kile kichwa alikuwa anaupangusa kwenye koti.

Niliwapokea kituoni. Nilijiandaa kusikia hadithi za Redio mpaka nizibe masikio. Alinikumbatia, akakohoa.

"Redio, vipi? Betri zimeisha?" nikamtania.

Hakucheka. Tulikwenda moja kwa moja nyuma ya saluni, tukawasha moto, dada akatoa ule mfuko. Fundo lilikuwa lake, halijaguswa. Tukafungua. Ndani hapakuwa na kitu, ila mafuta ya njano yaliyopaka pande zote na harufu iliyonifanya nigeuke nikateme mate.

Redio akakohoa tena. Akatia vidole mdomoni, akashika kitu, akavuta. Ulikuwa uzi wa mvi, mrefu. Ukafuata wa hina. Akavuta tena. Sasa ulikuwa msuko.

Niliushika nimsaidie. Mungu anisamehe, niliushika kwa ncha za vidole kwa kuona kinyaa. Nilipovuta kidogo tu, Redio alinikamata mkono, macho yamemtoka, anatikisa kichwa. Ulikuwa umeshika kitu ndani.

Daktari alimmulika koo. Akasema ni safi, haoni hata unywele mmoja, tumpe maji mengi.

Cheti kimetundikwa ukutani, na mkaguzi alikuja akatupongeza. Redio hajasema neno, wiki ya tatu hii. Kila asubuhi dada anamkalisha kwenye kiti cha wateja, anamfunga taulo shingoni, anakata kilichotokeza midomoni. Kinadondoka chini na uteute wake. Hachomi tena. Anaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, na ndoo imekaribia kujaa.

Jana alinyanyua ile ndoo, akaniambia, "Wapigie. Waambie tunarudisha. Nataka chumba kile kile."

Nilipiga mbele yao wote wawili, saa nne asubuhi. Alipokea mwanamume mwenye sauti ya upole. Nilimtajia chumba.

"Samahani, hicho kina mtu," akasema.

"Mpaka lini?"

"Hatujui. Ni binti mmoja. Bado anasukwa." Akashusha sauti, nikasikia kama anatabasamu. "Anaongea sana. Wageni wa vyumba vya pili wanalalamika, lakini sisi tunampenda."

Nyuma yake mlango ulifunguliwa. Nikasikia msichana anacheka, cheko ninalolijua tangu lilipokuwa cheko la mtoto wa miezi. Alikuwa anamwambia mtu habari za mikate na tanuri. Kisha sauti ikabadilika.

"Mama? Hebu legeza kidogo, unaniumiza. Mama, ni wewe?"

Dada alikuwa ameegemeza sikio kwenye simu. Ndoo ikamponyoka.

Niligeuka kumtazama Redio kwenye kiti chake, taulo shingoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na midomo yake, kuuzunguka ule msuko, ilikuwa inasema maneno yale yale.