Lori la Arobaini na Moja

Kampuni ilikuwa na malori arobaini. Hilo kila mtu alilijua, hata mlinzi wa getini. Lakini asubuhi ile programu ilileta arobaini na moja.

Programu yenyewe aliiandika Jicho, binti fundi wa kompyuta, ambaye madereva walimpa jina hilo kwa sababu kwenye skrini yake hawakuwa na pa kujificha. Aliiandika kwa lugha ya Ruby, akatumia laibrari, yaani kifurushi cha programu kilichotengenezwa tayari, kuongea na mtambo wa kufuatilia magari: unaomba orodha, unajibiwa kila lori liko wapi, linakwenda kasi gani, linaumwa nini. Kazi safi, na alijivunia.

Lori la ziada lilikuwa la dereva wao mkongwe, Mzee Gia. Lilitumbukia bondeni miezi mitatu iliyopita, kwenye mteremko mrefu wa barabara kuu, likaungua pamoja naye. Kifaa chake cha kufuatilia kilikuwa ndani ya droo ya Jicho, kimeyeyuka nusu, hakina waya wala betri.

Akaomba orodha upya. Lori la Mzee Gia: lipo getini. Akaomba tena. Lipo ngazini.

Harufu ya breki zilizoungua ikaingia, ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa na jua lilikuwa linawaka kwenye meza. Kisha ikaja sauti, pssss, ya lori kubwa likitoa upepo wa breki, ikitokea ndani ya droo.

"Umesikia?" mama wa mapokezi alinong'ona mlangoni, leso puani.

"Nimesikia. Usipige kelele."

"Mwanangu, niambie ukweli. Mmefanya nini humu?"

Jicho alishikwa na hasira, na nusu yake ilikuwa juu yake mwenyewe. Mwaka uliopita Bosi alichoshwa na simu yake kulia kila breki za lori fulani zinapolalamika. "Toa upuuzi huo," alisema. Na Jicho, msomi mzima, akaandika mstari mmoja tu: kila onyo la breki litupwe kabla halijamfikia mtu. Lori la Mzee Gia lilionya mara kumi na moja. Hakuna aliyeona. Kisha Bosi, bila hata chembe ya aibu, akaiambia familia ya marehemu kwamba mzee wao alisinzia. Alisinzia! Mtu aliyekaa kwenye usukani miaka thelathini!

Saa sita mchana Bosi alimleta tabibu wa majini, mama mfupi mwenye mkoba wa plastiki. Mama yule akapiga magoti, akaweka sikio kwenye droo, na wote wakaisikia ile pssss ikizunguka chumba polepole, nyuma ya kabati, nyuma ya kiti cha Bosi, nyuma ya shingo zao, moto kiasi cha kumfanya mama wa mapokezi afunike shingo kwa leso.

"Si marehemu," tabibu alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini, mwenyeji wa ule mteremko. Amechoka kuletewa watu wanaoungua nyumbani kwake. Anasema maonyo yanatumwa, na humu kuna mlango umefungwa."

"Nimekuita umtoe, si umsikilize!" Bosi alifoka.

"Mimi simtoi. Aliyefunga ndiye afungue."

Hapo Jicho akamkumbuka kaka yake, dereva wa lori la kumi na tisa, aliyeondoka alfajiri na mzigo wa saruji kuelekea mteremko uleule. Akaufuta ule mstari. Skrini ikajaa nyekundu. Lori la kumi na tisa: breki, maonyo manne tangu asubuhi.

"Kaka, simama!" alipiga kelele kwenye simu.

"Dada, nakaribia kuanza kushuka, ngoja nifike chini..."

"Simama hapohapo, nakuambia! Weka mawe kwenye matairi!"

Upepo ulivuma kwenye simu. "Haya, nimesimama. Mbona unalia?"

"Silii. Nina hasira."

Malori kumi na mawili yalikuwa na maonyo. Bosi aliyatazama kama matusi aliyoandikiwa yeye.

"Rudisha mstari wangu."

"Sirudishi. Na familia ya Mzee Gia nitaiambia mwenyewe."

"Basi kusanya vyako. Na usithubutu kunipigia simu!"

Akabamiza mlango, akashuka ngazi. Ile pssss ikawapita, ikatoka, ikashuka nyuma yake hatua kwa hatua. Harufu ikaisha. Tabibu akachukua mkoba wake.

"Ametoka humu," alisema.

Jicho akaomba orodha. Arobaini na moja. Lakini la Mzee Gia halikuwamo. Mwishoni kulikuwa na gari jeupe la Bosi, ambalo halijawahi kufungwa kifaa chochote. Lipo getini. Linatoka. Onyo: breki.

Alimchukia mtu yule kwa moyo wote, lakini akapiga.

"Bosi, breki za..."

"Breki, breki! Sitaki kulisikia neno hilo!" Akakata.

Akapiga tena. Ikakatwa. Mama wa mapokezi akapiga kwa simu yake, ikakatwa. Kwenye skrini gari jeupe liliongeza kasi kuelekea mteremkoni, na maonyo yalikuwa yamefika tisa. Kisha kumi. La Mzee Gia liliishia kumi na moja.