Mmiliki wa Diski ya Onesmus

Diski ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, ingawa ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta tangu saa tatu asubuhi. Nabwire aliigusa mara mbili. Miaka sita alikuwa akitengeneza kompyuta za watu mjini Kakamega, na hakuwahi kuona diski inayozunguka ikakosa joto.

Ilikuwa ya mumewe, Onesmus, aliyefariki mwezi wa pili. Ndani mlikuwa na video ya baba mkwe, naye marehemu, akitamka kwamba shamba la Lubao ni la Nabwire. Wazee wa ukoo walikuwa wakutane Jumamosi kuamua shamba ni la nani, na shemeji yake Cleophas alikuwa ameshaanza kupanda miwa humo.

Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yake, iliiona diski, lakini kila alipofungua faili ilimjibu kwamba hana ruhusa. Akatazama jina la mmiliki: onesmus. Kompyuta ile haikuwa na mtumiaji wa jina hilo. Akaandika amri ya kujipa umiliki yeye mwenyewe. Ikapokelewa. Akatazama tena: onesmus.

"Hata kaburini unaninyima," akanong'ona.

Diski ikagonga, tak, tak, tak, kama Onesmus alivyokuwa akigonga meza kwa ukucha kabla ya kumkatalia jambo; na harufu ya miwa iliyoungua, ile aliyorudi nayo nguoni kila jioni kutoka kiwandani, ikapanda polepole kutoka chini ya meza, ikamfika magotini, ikamfika kooni, naye akabaki ameganda, asithubutu kuinama, maana alijua kabisa kuwa huko chini kuna anayemtazama.

Ijumaa alimpelekea Maalim Osundwa wa Mumias, mtoa majini, diski na kompyuta, akiona haya kwa kuwa yeye ni wa kanisa.

"Ni mume wangu, Maalim?"

"Wafu hawana kazi na mali, mama. Hili ni jini lililokuwa likikaa naye."

Akafukiza ubani, akasoma hadi jasho likamtoka. Diski ikapata joto. Video ikafunguka, na wote wawili wakamsikia baba mkwe akitamka: "Shamba ni la Nabwire." Nabwire akalia.

Jumamosi aliiweka video mbele ya wazee. Kwenye video baba mkwe akafungua kinywa, ikatoka sauti ya Onesmus: "Huyu mwanamke hana chake hapa. Shamba ni la Cleophas."

"Hiyo si sauti ya baba," Nabwire akasema. "Hamsikii?"

"Ni yake, mama," akajibu Mzee Osiako, mkubwa wa kikao. "Nimemjua tangu tukiwa vijana."

"Si umesikia mwenyewe, shemeji?" Cleophas akasema taratibu. "Sasa unataka nini ingine?"

Jioni, akifunga vyombo vyake, alimpigia Maalim simu.

"Ulisema limetoka."

"Limetoka kwenye diski," Maalim akajibu. "Lilikokwenda sikukuambia, kwa sababu sikujua."

Nabwire akageuza kichwa. Cleophas alikuwa amesimama mlangoni, akingoja funguo za nyumba, akigonga mlango kwa ukucha: tak, tak, tak.