Safari Iliyopimwa Mara Elfu Nne

Gari-nyumba jeupe lilikuwa likipanda kona za mlima wa Uswisi katikati ya chumba cha maonyesho jijini Dodoma, na wageni ishirini walisimama kulizunguka. Halikuwa kubwa kuliko boksi la viatu. Barabara yake ilikuwa mwanga mtupu, majabali yake mwanga, na theluji iliyosalia vileleni ilikuwa mwanga vilevile. Hata hivyo, mvua ilipoanza kulipiga paa la gari lile, mgeni mmoja alirudisha mguu nyuma asije akalowa.

Mtambo huo uliitwa Kitangulizi, na kazi yake ilikuwa kuifanya safari kabla ya msafiri. Mhandisi Nakijwa Mfinanga, aliyeuunda, aliwaeleza wageni kwamba kufikia mwaka huo wa 2079 kulikuwa na mitambo mingi iliyojua hali ya hewa, maporomoko ya mawe na vituo vya kuchajia magari. Kitangulizi kilijua kitu kimoja zaidi: kiliwajua wasafiri wenyewe. Vinasa vilivyomo katika kila nyumba mpya, vile vinavyowasha taa na kufungua milango, vilihifadhi miaka mingi ya sauti za wakazi, hatua zao na hata kimya chao. Kutokana na kumbukumbu hiyo mtambo uliunda kivuli cha kila msafiri, ukavipakia vivuli ndani ya gari, ukaiendesha safari mara elfu nne. Mwishoni ulisema nani ataugua, nani atachoka, na siku gani. Mgeni mmoja aliuliza kama ungeweza kujua wasafiri watakaogombana. Nakijwa alitabasamu, akajibu kwamba ugomvi ni rahisi kuutabiri kuliko mvua.

Nyumbani kwake Iyumbu, safari ya milima hiyohiyo ilikuwa ikipangwa kwa kalamu. Mumewe, Mwalimu Kallaghe, alikuwa amefundisha jiografia kwa miaka thelathini na mitatu. Alikuwa amechora ubaoni mabonde ya Alpi yaliyochongwa na barafu mara nyingi kiasi kwamba angeweza kuyachora amefumba macho, lakini hakuwahi kuyaona. Walikubaliana kwamba akistaafu wangekodi gari-nyumba Munich, wapite Austria, washuke Italia, kisha wapande Uswisi, siku kumi na nne, wao wawili tu. Mwana wao Sifuni alikuwa mtu mzima, anafanya kazi Mwanza. Kwa miaka saba Kallaghe aliandika mpango huo kwenye daftari kubwa la kaunta: umbali wa kila siku, mahali pa kuegesha, mwezi ambao barabara za juu hufunguliwa. Kila wiki alimwomba mkewe wakae Jumamosi moja walipitie pamoja. Kila wiki mkewe alikuwa na kazi, na alisema wiki ijayo.

Ilipobaki miezi mitatu Kallaghe astaafu, Nakijwa aliona haya. Alitaka kumpelekea mumewe mpango usio na kasoro, uwe zawadi. Basi adhuhuri moja, akiwa ofisini, alilipiga picha lile daftari alilolibeba asubuhi bila kuomba, akaruhusu Kitangulizi kichukue kumbukumbu za vinasa vya nyumba yao, akaenda kula. Hakumwambia mumewe. Sheria haikumtaka amwambie, kwa kuwa nyumba iliandikishwa kwa jina lake.

Aliporudi, majibu yalikuwa tayari. Katika safari elfu nne, safari elfu tatu mia tisa na kumi na moja zilikatika siku ya sita, kwenye barabara ya Furka, mita elfu mbili na mia nne juu ya usawa wa bahari. Kivuli cha mume kiliegesha gari, kikashuka, kikapanda basi la abiria lililokuwa likipita, na hakikurudi. Chini yake mtambo uliandika: Safari hii haipendekezwi.

Nakijwa alidhani ni hitilafu. Alibadilisha gari akaweka kubwa zaidi. Alifupisha mwendo wa kila siku, akaongeza siku mbili za kulala hotelini, akaiondoa kabisa barabara ya Furka. Kivuli kilishuka siku ya nane, kwenye maegesho ya duka la vyakula. Alipanga upya, kikashuka siku ya tano.

Mwishowe alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mteja yeyote. Alivuta kiti akaitazama safari moja tangu mwanzo. Siku ya kwanza kivuli cha Kallaghe kilizungumza njia nzima, kikieleza jinsi barafu ilivyoyachonga mabonde. Kivuli cha Nakijwa, kikiwa kimeinamia kibao cha vipimo vya betri, kiliitikia kwa kuguna. Siku ya tatu mume aliacha kueleza, akawa anauliza maswali. Siku ya nne alisoma kwa sauti vibao vya barabarani. Siku ya tano alinyamaza. Siku ya sita, pale Furka, alijaribu tena. Alisema kwamba maji ya upande huu hufika Bahari ya Mediterania na ya upande ule hufika Bahari ya Kaskazini, na kwamba matone mawili ya wingu moja hutengana hapa yasikutane tena. Kivuli cha mke hakikuinua uso. Kilisema, "Nakusikia, Baba Sifuni." Mume akakitazama kwa muda, akaweka ufunguo juu ya dashibodi taratibu, akashuka. Hapakuwa na ugomvi wowote.

Nakijwa hakuwa mtu wa kukubali kushindwa na hesabu. Alianza kurudi nyumbani mapema. Jumamosi alikaa mezani, akaomba aonyeshwe daftari. Kallaghe alifurahi mno. Kwa siku kumi alikuwa akipiga mluzi jikoni akichemsha chai. Alimchorea ramani, akamwonyesha mabonde, naye Nakijwa aliuliza maswali mazuri, moja baada ya jingine. Siku ya kumi na moja aliuliza ni wapi hasa pale Furka maji yanapogawana.

Kallaghe aliweka kalamu chini. Habari ya maji yale hakuwa ameiandika popote. Alikuwa ameiweka amwambie watakapofika, na kwa wiki nyingi alikuwa akijizoeza kuisema, peke yake, akiwa anapiga pasi. Alimuuliza mkewe nani amemwambia.

Nakijwa hakujua kumdanganya. Alimweleza yote: kumbukumbu za nyumba, vivuli, siku ya sita. Kallaghe alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza huyo mtu wa kwenye mashine alishuka kwa sababu gani.

"Alikuwa anazungumza," Nakijwa alisema, "na mimi sikuwa namsikiliza."

"Basi mashine yako ni nzuri." Alilifunga daftari. "Miaka saba nimesubiri Jumamosi moja. Kumbe umeniuliza mara elfu nne, Nakijwa. Mimi mwenyewe hukuniuliza hata mara moja."

Tangu Sifuni azaliwe, miaka ishirini na tisa iliyopita, Kallaghe hakuwa amemwita mkewe kwa jina lake.

Nakijwa alimsihi. Alisema amebadilika, kwamba siku hizi kumi hazikuwa uongo, alikuwa amesikiliza kweli na amependa. Kallaghe alisema anaamini. Lakini akasema kwamba kuanzia sasa kila mkewe atakapoitikia, yeye atajiuliza kama anaitikiwa yeye au inakimbiwa siku ya sita, na kwamba hawezi kukaa na swali hilo ndani ya gari dogo kwa siku kumi na nne.

Alistaafu mwezi wa Mei. Juni alisafiri peke yake. Aliporudi hakuja Dodoma. Alishukia Same, kwenye nyumba aliyoachiwa na wazazi wake, akabaki huko. Nakijwa alimpigia simu kumuuliza Alpi ilikuwaje. Kallaghe alimjibu kwa heshima kwamba palikuwa na baridi na watu walikuwa wema. Kazini, kumbukumbu za Kitangulizi ziliiorodhesha safari yao pamoja na nyingine nyingi zilizovunjwa kabla ya kuanza. Kila moja ilikuwa na alama ya kijani: Utabiri umetimia. Nakijwa alizipitia orodha zile kwa siku tatu. Palikuwa na maelfu ya majina, mawili mawili.

Mwezi wa Septemba ilikuja barua fupi kutoka Same. Kallaghe hakumlaumu kwa lolote. Aliomba jambo moja tu, kwamba kivuli chake kifutwe.

Nakijwa alikwenda kwenye chumba cha maonyesho asubuhi, kabla wageni hawajafika, akaiwasha safari. Gari jeupe lilikuwa njiani siku ya kwanza, jua likiwaka bondeni.

"Unaona lile bonde?" kivuli kilisema. "Lina umbo la herufi U. Mto hauwezi kuchonga hivyo."

"Naona," Nakijwa alisema. "Niambie ni nini kimelichonga."

Kivuli hakikumsikia. Vivuli viliweza kusikia vivuli tu. Kanuni hiyo aliiandika yeye mwenyewe.

Alitoa amri ya kufuta. Mtambo ulimuuliza kama mwenye kivuli ameridhia. Ulipokuwa ukikiunda haukuuliza. Nakijwa aliweka barua mbele ya jicho la mtambo, akajibu ndiyo.

Sauti ilikatika katikati ya neno. Gari liliendelea kupanda, usukani ukijizungusha wenyewe. Kwenye kiti cha abiria kivuli cha mwanamke kilikuwa kimeinamia vipimo vyake. Nakijwa alisimama akakingoja kigeuke. Gari lilimaliza bonde, likapita daraja, likaingia kwenye handaki na kutokea upande wa pili, na kivuli kilikuwa bado kinaguna, kikiitikia kiti kitupu.