Masaa Matatu Kutoka Dublin

"Mama, ndege imefutwa... Ukungu umeziba Dublin nzima!"

Ni mwanangu Ziemek huyo, kwenye simu.

Jamani! Mwenzenu nilikuwa nimesimama uwanja wa ndege wa mji wetu, Rzeszów, na ndege ya Dublin ilishatua! Abiria walikuwa wanakumbatiana mbele ya macho yangu!

Aliniambia nisije kumpokea, nitapigwa na baridi. Nikaja kimyakimya. Mkesha wa Krismasi, mjane mzima nikae nyumbani naongea na paka?

Miaka mitatu sijamwona. Dublin hadi kwetu ni kama kilomita elfu mbili, masaa matatu kasoro hewani. Nimeyakariri hayo kama sala. Ndege ikipita juu ya nyumba, nazima jiko nakwenda dirishani. Upweke una vituko vyake, msinicheke.

"Kwa hiyo huji?"

"Siji, Mama. Nisamehe."

Mara spika za uwanja zikatangaza: mwenye gari la kijivu lililoziba mlango aje aliondoe.

Tangazo nikalisikia mara mbili... Sikio moja ukumbini, sikio la pili ndani ya simu!

Nikageuka taratibu.

Huyo hapo! Kizibao cha njano, anasukuma msururu wa vitoroli vya mizigo, simu kaibana kwa bega. Amekonda, shingo inaogelea kwenye kola.

Nilitaka kupiga kelele: mwongo mkubwa wewe! Nikajibanza nyuma ya nguzo. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, na sijawahi kumwona mbali namna ile.

"Mama? Upo?"

"Nipo."

"Una mtu wa kula naye leo?"

"Sina."

Nikamwona anafuta macho kwa glavu.

"Sahani ya mgeni nitaiweka, Ziemek."

Kwetu usiku huo kila meza ina sahani moja ya ziada. Yeyote atakayebisha hodi anakaribishwa, na haulizwi katokea wapi.

"Najua, Mama."

"Nakukumbusha tu. Mgeni haulizwi!"

Nikakata simu, nikapanda basi la mjini, nikarudi.

Nyota ya kwanza ikatoka, ndiyo saa yetu ya kula. Supu ya bitiruti ikapoa. Nikaipasha, ikapoa tena. Paka akala samaki wangu, sikumfukuza. Nililia, sifichi.

Kisha... ngo ngo ngo!

Mlangoni Ziemek, theluji nywele nzima, hana hata begi.

"Mama... mimi..."

"Ingia, mgeni. Chakula kinapoa."

Tukavunjiana mkate wa Krismasi. Akala sahani mbili. Mimi nikang'ata ulimi, sikuuliza.

Mwishowe akasema mwenyewe. Kazi ya Dublin iliisha, chumba nacho kikapotea. Tangu vuli amerudi, analala bweni la vibarua ng'ambo ya mto.

"Mbona hukuja nyumbani, mwanangu?"

"Kila ukipiga simu, swali lako ni ndege lini, ndege saa ngapi. Ningekujaje kwa basi la mjini, Mama?"

Nikamwongezea supu.

Wapendwa, ukiwa na mtoto mbali, usimuulize ndege inatua saa ngapi. Muulize leo amekula nini. Wangu alikuwa ng'ambo ya mto, na mimi nilikuwa dirishani natazama mawingu.