Mwendo wa Roddy

Jumanne mchana, Machi 1981, rafiki yangu Clive, mwimbaji wa roki, alikuwa studioni Sheffield na bendi yake wakirekodi albamu ya pili. Ya kwanza haikuuzika. Hii ikikwama, bendi imekwisha. Mpiga ngoma wao, Roddy, walimfukuza kwa sababu alipunguza mwendo kila kiitikio kilipokaribia. Wakanunua mashine ya ngoma, inayopiga midundo yenyewe.

Sasa mashine nayo ilipunguza mwendo.

"Barry, umemficha wapi Roddy?" Clive alimuuliza mpiga besi.

"Kabatini, anakunywa chai. Mjinga wewe!"

Barry alisimamisha kanda, akachomoa waya wa mashine. Ngoma ziliendelea.

Clive akampigia Roddy simu nyumbani.

"Mnanitaka nini tena, mabwana mashine?" Roddy akasikiliza ngoma kwenye simu. "Huyo anayepiga ni nani?"

Ilipofika zamu ya kiitikio, ngoma zilipunguza mwendo.