Ukuta Nyuma ya Kabati

Kila asubuhi Chiriku alitoka nyumbani mapema kuliko wenzake. Si kwamba shule ilikuwa mbali. Njia ya mkato iliyopita nyuma ya karakana ingemfikisha kabla kengele haijalia. Lakini yeye aliiacha, akazunguka kwa barabara kuu, kusudi apite mbele ya Masega.

Masega lilikuwa jengo la ghorofa. Watu walilipachika jina hilo kwa sababu ya ukuta wake wa mbele, uliojengwa kwa matofali ya matundu, tundu juu ya tundu, mfano wa masega ya nyuki. Chini kulikuwa na maduka na kibanda cha kinyozi, juu yake ofisi, na kuanzia hapo waliishi watu. Lilijengwa bibi yake Chiriku alipokuwa msichana. Enzi hizo, kwa maneno ya bibi mwenyewe, watu walitoka mbali kuja kulitazama, wakainua nyuso mpaka kofia zikawadondoka. Sasa rangi ilikuwa imebanduka, na zege limepata weusi wa mvua nyingi.

Chiriku alizaliwa humo. Hata jina hilo alipewa na majirani, kwa kupiga soga na kila aliyepanda ngazi. Lakini mwaka uliopita familia yao ilihama. Maji yalikuwa hayapandi tena ghorofa za juu, na magoti ya bibi yalishindwa ngazi, seuze ngazi na ndoo. Baba akapata nyumba ya chini pembezoni mwa mji, yenye bomba uani. Ilikuwa nyumba nzuri, na hakuna aliyelalamika. Ila jioni, Chiriku alipomaliza kufua sare na kuketi na bibi barazani, swali lilikuwa lile lile.

"Umepita Masega leo, mjukuu wangu?"

"Nimepita, bibi."

"Dirisha letu limefunguliwa?"

"Bado limefungwa."

Bibi alijipepea kwa upindo wa khanga. "Kule upepo ulikuwa unakuja wenyewe," alisema. "Huku mpaka uufuate."

Siku moja mwalimu wa maarifa ya jamii aliingia darasani akiwa na habari. Halmashauri ya mji ilitaka kuamua kama Masega libomolewe au lihifadhiwe. Msanifu majengo alikuwa ameitwa alikague, naye alikubali kuwapokea wanafunzi waone kazi hiyo inavyofanywa.

"Tunaye mwenyeji hapa," mwalimu alisema, akimtazama Chiriku. "Yeye ndiye atakuwa kiongozi wetu wa msafara."

Darasa likacheka. Chiriku naye alicheka, lakini moyo ulikuwa ukimwenda mbio.

Walipofika, walimkuta msanifu mlangoni pamoja na mlinzi wa jengo. Alikuwa mama wa makamo, mwenye kofia ngumu na nyundo ndogo mkononi. Watoto walimwamkia, "Shikamoo!" naye akaitikia, "Marahaba, wanangu," kisha akaanza kupanda ngazi akieleza. Aliwaonyesha jinsi matofali ya matundu yalivyokinga jua na bado yakaruhusu hewa. Aliwaonyesha vibaraza vipana mbele ya milango, vilivyowekwa ili majirani waonane.

"Aliyelichora alitaka mtu afanye kazi chini, alale juu, na njiani akutane na wenzake," alisema. "Majengo kama haya yamebaki machache. Likiwa na afya, nitaomba lihifadhiwe. Likiwa limeoza ndani, siwezi kuwadanganya watu walale humo."

Kila alipofika penye ukuta aligonga kwa nyundo na kutega sikio. Zege zima lililia kwa sauti kavu. Lililooza lilitoa mlio wa debe tupu.

Hatimaye wakafika kwenye nyumba yao ya zamani. Mlinzi alifungua mlango, na Chiriku akaingia wa kwanza. Vyumba vilikuwa vitupu, vimekuwa vidogo kuliko alivyovikumbuka. Upepo ulipita kwenye matundu na kumgusa shingoni, na ghafla akasikia kama mama yuko jikoni, bibi anakohoa chumbani, na baba anapanda ngazi akiimba. Kijiti, rafiki yake wa dawati moja, kijana mwembamba asiyejua kunyamaza, alisogea akasimama kando yake.

Jikoni kulibaki kitu kimoja tu, kabati kubwa la mbao ambalo lisingepita kwenye mlango wa nyumba mpya. Msanifu aligonga ukuta huku na huku, kisha akasimama mbele ya kabati.

"Mwenyeji, nyuma ya hili kabati kuna nini?"

Chiriku alijua. Wakati wa mvua, kabla hawajahama, kichana chake kiliangukia huko. Alipochungulia aliona ukuta umelowa, lipu imebomoka, na ndani yake nondo za chuma, nyekundu kwa kutu. Hakumwambia mtu. Wazazi walikuwa wameanza kuzungumzia kuhama, naye hakutaka kuwaongezea sababu.

"Ukuta tu," alijibu.

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

Msanifu alimwamini. Alilitazama kabati lilivyokuwa zito, akageuka, akawaambia wanafunzi waendelee.

Walipanda mpaka kwenye paa, mahali ambapo akina mama walikuwa wakianika nguo. Wanafunzi walitawanyika kwa furaha, mji mzima ukiwa miguuni pao. Chiriku alisimama ukingoni na kuinama kutazama chini. Kwenye roshani iliyokuwa chini ya jiko lao, mama mmoja kijana, miongoni mwa wapangaji wachache waliosalia, alikuwa anaanika nepi. Mtoto wake alikuwa ameketi sakafuni karibu yake, anapiga sufuria kwa kijiko. Juu ya kichwa cha yule mtoto ndipo ulipokuwa ukuta wenye kutu.

Chiriku alirudi nyuma hatua moja. Akiusema ukweli, Masega litabomolewa, na dirisha lile halitafunguliwa tena na mtu yeyote. Akiuficha, je? Alijaribu kujitia hamnazo, akatazama magari barabarani. Lakini sauti ya sufuria ilimfuata.

"Una nini?" Kijiti aliuliza. "Umekuwa kama mtu aliyemeza jiwe."

"Nimesema uongo," Chiriku alijibu.

"Kwa nani?"

Chiriku alipiga moyo konde, akamwendea msanifu, aliyekuwa anachunguza tangi la maji.

"Samahani, mama. Ule ukuta wa jikoni si mzima. Kuna nondo zinaonekana, na maji. Niliona zamani." Ulimi ulikuwa mzito, lakini alijikaza. "Niliogopa utasema livunjwe."

Msanifu hakugomba. Aliinama mpaka macho yao yakawa sawa. "Nani anakaa chini yake?"

"Kuna mtoto mdogo."

"Twende haraka."

Mlinzi alimwita kinyozi kutoka chini, na wanaume hao wawili wakalisukuma kabati huku wakihema. Lilipotoka, wote walisogea kuona. Ukuta ulikuwa umevimba na kupasuka mpaka kwenye boriti ya dari. Msanifu aligusa kwa nyundo, taratibu tu, na bonge la zege likaanguka sakafuni. Papo hapo alimtuma mlinzi amtoe yule mama na mwanawe, na wanafunzi wakashushwa chini.

"Basi umeliua jengo lako mwenyewe," mwanafunzi mmoja alimnong'oneza Chiriku kwenye ngazi.

"Wewe nyamaza," Kijiti alisema. "Ungekuwa wewe ndiye umelala pale chini?"

Jioni hiyo Chiriku alimweleza bibi yote. Alitarajia kukaripiwa. Bibi alimvuta tu karibu, wakaketi pamoja mpaka giza likaingia.

Wiki zilipita. Chiriku aliendelea kuzunguka kwa barabara kuu, lakini sasa alipita mbio, ameinamisha kichwa, asije akakuta mashine za kubomolea. Badala yake, asubuhi moja aliona miti ya kuegemeza ukuta na mafundi wenye ndoo. Hakuelewa. Ndipo wakazi wa zamani na wapya walipoitwa kwenye mkutano pale Masega, na bibi akasema hata yeye atakwenda, magoti yapende yasipende.

Kinyozi alimpa bibi kiti chake cha kunyolea, kilicho laini kuliko vyote, kikawekwa mlangoni. Msanifu akasimama mbele ya watu.

"Bomba la maji ya mvua lilipita ndani ya ukuta ule wa jikoni," alieleza. "Lilipasuka miaka mingi iliyopita, likawa linalowesha nondo kimyakimya. Tumekuta tatizo hilo upande mmoja tu. Likitibiwa sasa, jengo litasimama. Lingeachwa mvua chache zaidi, boriti ingeanguka, na hapo hata mimi nisingeweza kulitetea. Halmashauri imekubali. Masega litahifadhiwa."

Watu walipiga makofi na vigelegele. Msanifu akasubiri watulie.

"Ila nyumba ile ya pembeni, yenye ukuta huo, haitakaliwa tena. Ukuta wake tumekwisha kuubomoa, bomba jipya litapita hapo, na tutaacha kibaraza cha wapangaji wote."

Makofi yalimfia Chiriku mikononi. Jiko la mama, chumba cha bibi, dirisha lao, vyote vinakwenda. Alificha uso kwenye bega la bibi.

"Mimi ndiye nilisema," alinong'ona. "Ningenyamaza..."

"Ungenyamaza, lingeanguka lote, na watu ndani," bibi alisema. Aliushika mkono wake kwa nguvu. "Nisikilize, mjukuu wangu. Nami naililia nyumba ile. Nimewaoza wanangu mle, nimezika mume nikitokea mle. Lakini jengo ni kama mgonjwa. Anayempenda mgonjwa hamfichi kwa daktari kwa kuogopa atakachoambiwa. Mara ya kwanza ulificha kwa kuipenda nyumba yako. Mara ya pili ulisema kwa kuwapenda waliomo. Huo ndio ukweli wenye kazi, nao mara nyingine humgharimu aliyeusema. Usiuogope kwa sababu hiyo."

Msanifu, aliyekuwa amekaribia na kusikia, aliitikia kwa kichwa. "Sina la kuongeza, mama."

Kabla ya kuondoka, Chiriku aliomba ruhusa apande juu mara moja. Mlango wa nyumba yao ulikuwa umeng'olewa. Ukuta wa jikoni haukuwapo tena, na mahali pake palikuwa na anga tupu na mji wote ukionekana. Upepo uliingia kwa nguvu, ukazunguka vyumba, ukatoka. Yule mama kijana alikuwa amesimama pale na mwanawe kiunoni, anaonyeshwa na fundi mahali kibaraza kitakapoishia.

"Wewe ndiye uliyekuwa unakaa hapa?" mama yule alimuuliza.

"Ndiyo," Chiriku alisema. "Jioni ndipo panapendeza zaidi. Njoo naye jioni."